Mdogo yuko kwenye kemo, dada yake karudi shule na tetekuwanga: yaliyotukuta

Baba Watatu

Wakuu, salaam. Uzi huu ni mrefu. Mwenye haraka apite, ila mwenye mtoto anayetibiwa saratani ya damu naomba asome hadi chini.

Mwanangu wa pili ana miaka sita. Mwaka juzi alikutwa na lukemia, ile ya limfosaiti, ambayo ukiingia wodi ya watoto utaikuta vitanda vingi. Ile miezi mizito ya kulazwa na sindano za mgongo tumeshaipita. Sasa yuko hatua wanayoiita meintenansi, yaani kemo (dawa za saratani) ya muda mrefu ili ugonjwa usirudi: vidonge vya meskaptopurini kila usiku, methotreksati mara moja kwa wiki, na kila mwezi vinkristini ya mshipa na siku tano za steroidi. Nywele zimerudi, mpira anacheza, majirani wanajua kapona zamani. Na mimi nilishaanza kuzembea, nisiwafiche.

Jumatatu moja dada yake wa darasa la tatu karudi shule anajikuna tumbo. Mama yake kamfunua sare: vipele vinne, viwili vina maji. Darasani kwao watoto saba hawakuwa wamekuja wiki hiyo. Tukasema afadhali si surua. Nikawachukua wote wawili hadi zahanati ya mtaani. Mhudumu akatuandikia kalamaini na Panado, kisha akamtazama mdogo: "Huyu naye mlazeni na dada yake aipate, aimalize akiwa mdogo. Ukubwani inasumbua."

Ushauri huo hata marehemu mama yangu angenipa. Nikashukuru, nikatoka. Nimefika getini ndipo nikakumbuka daftari.

Siku tuliyoruhusiwa kutoka wodini kwa mara ya kwanza tulipewa daftari la kuandika dawa, na nyuma ya jalada nesi aliandika kwa kalamu nyekundu: HOMA 38. KUTOKA DAMU. SURUA. TETEKUWANGA. Chini yake namba ya simu ya wodi na neno HAPOHAPO, kapigia mstari mara mbili. Mwaka mzima lile jalada nililiona kila usiku nikijaza vidonge, lakini macho yalishalizoea, hayasomi tena.

Nikapiga. Nesi akauliza mambo matatu tu: vipele vya dada vimeonekana lini, wanalala wapi, na mdogo aliwahi kuugua tetekuwanga kabla ya lukemia? Nikamjibu wanalala chandarua kimoja, na hajawahi. Akanyamaza kidogo. "Njooni kesho. Dada abaki nyumbani. Mkifika msiingie wodini, simameni nje mnipigie."

Dokta alitueleza kuwa iko sindano ya kingamwili za tetekuwanga ambayo akichomwa mapema baada ya kukutana na mgonjwa inamkinga au inapunguza makali. Tukaitafuta. Duka la kwanza hawaijui, la pili wakasema iagizwe nje, na siku zinakwenda. Basi tukaenda njia ya pili: vidonge vya asikilovia, dawa ya kupambana na kirusi cha tetekuwanga, kuanzia siku ya saba tangu wakutane, kwa siku saba. Steroidi za mwezi huo zikaahirishwa, maana nazo zinashusha kinga. Dada akahamia kwa shangazi yake mtaa wa pili, akalia kweli kweli, anaona kama amefukuzwa.

Siku ya kumi na tatu, baada ya magharibi, kijana kakataa ugali. Kajikunja kwenye mkeka, tumbo linauma na mgongo unauma. Nikammulika kwa tochi ya simu mwili mzima, mpaka kichwani katikati ya nywele: hakuna kipele hata kimoja. Joto 37.6. Nikasema ni maharage ya mchana. Saa nne usiku likawa 38.4.

Mkononi nilikuwa nimeshika chupa ya Panado. Mawazo yangu yalikuwa nimpe alale, asubuhi tuone. Mama yake akanipokonya ile chupa. Akasema, "Kama ni maharage watatucheka. Wacheke."

Tukapiga simu wodini, jirani akatoa Noah yake, Morogoro hadi Dar usiku ule. Damu ilivyopimwa, neutrofili, zile chembe nyeupe zinazopigana na bakteria, kwenye karatasi 0.3, yaani 300. Vimeng'enya vya ini juu, maana yake ini linaumia, na platileti, chembe za kugandisha damu, zimeshuka. Dokta wa zamu hakusubiri vipele. Saa kumi alfajiri dripu ya asikilovia inatiririka, na antibayotiki juu yake. Kipele cha kwanza tulikiona saa tano asubuhi nyuma ya sikio la kushoto, kidogo kama punje ya mtama, kina maji safi juu ya wekundu. Usiku ule nikahesabu arobaini nikaacha.

Leo ni siku ya sita ya dripu. Saa kumi alfajiri, saa sita mchana, saa mbili usiku, kila moja inapita taratibu kwa saa nzima, na maji mengine pembeni kwa sababu dawa hii ikiganda inaumiza figo. Kila akikojoa tunapima kwenye kopo. Ameshaanza kudai chipsi. Ninaandika haya kwenye benchi nje ya chumba cha kutengwa, nimekaa hapa mpaka nimejua mlio wa kila mlango. Wenye uzoefu ongezeni.

---

Dogo Msafi

Pole sana mkuu. Nafuatilia. Shemeji apewe maua yake kwa ile chupa ya Panado.

---

Nesi Zamu ya Usiku

Kaka Baba Watatu, pole na hongera. Mimi nipo wodi ya watoto (si hiyo uliyopo), naomba niongeze machache ambayo wazazi huwa wanatuuliza saa nane za usiku.

Kwanza hesabu ya siku. Mtu mwenye tetekuwanga anaambukiza tangu siku moja au mbili KABLA ya vipele kutoka, mpaka vyote vikauke viwe magamba. Ndiyo maana ukishaona vipele vya dada, mdogo alishavuta hewa ile zamani. Anayeambukizwa huchukua siku 10 hadi 21 kabla hajaonyesha chochote. Kwa hiyo mkikutana na mgonjwa leo, sisi tunaandika tarehe mbili kwenye faili: siku ya 8 na siku ya 21. Katikati ya hizo mtoto hakai chumba kimoja na wenzake wanaotibiwa, hata akiwa mzima anaruka. Kama amepata ile sindano ya kingamwili tunasogeza hadi siku ya 28, kwa sababu inauchelewesha ugonjwa.

Pili, mkanda wa jeshi ni kirusi hichohicho. Bibi mwenye mkanda wa jeshi akimbeba mjukuu aliye kwenye kemo, anaweza kumpa tetekuwanga. Watu wengi hawalijui hili. Tumeshampokea mtoto aliyeambukizwa hivyo, familia nzima inashangaa ameitoa wapi wakati mtaani hakuna mgonjwa.

Tatu, na hili nalisema kwa herufi kubwa: TUMBO NA MGONGO. Tetekuwanga kwa mtoto aliyeshushwa kinga inaweza kuanza ndani, kwenye ini, mapafu, tumbo, kabla ngozi haijaonyesha kitu. Mtoto anajikunja kwa maumivu na hana kipele. Mkishasikia maumivu hayo ndani ya wiki tatu tangu akutane na mgonjwa, msikae nyumbani kusubiri upele.

Msimpe aspirini kabisa. Pamoja na tetekuwanga au mafua inaweza kuleta ugonjwa wa ini na ubongo unaoua. Na hizi dawa za maumivu jamii ya ibuprofeni tunazikwepa pia, platileti zikiwa chini zinaongeza kutoka damu.

---

Jembe la Kale

Samahani lakini mnakuza mambo. Sisi tuliugua tetekuwanga na surua tukiwa tisa nyumbani, tukaogeshwa maji ya mwarobaini, tukafungiwa ndani wiki moja, tukapona wote. Leo mtoto akipata vipele viwili anapelekwa Dar kwa gari usiku. Dawa za kizungu zenyewe ndizo zinamaliza kinga.

---

Baba Watatu

Mzee wangu Jembe, shikamoo. Sentensi yako ya mwisho ni kweli kabisa, na ndiyo mada ya uzi huu. Kemo inamaliza kinga, na madaktari wanajua hivyo. Lukemia yenyewe ni chembe nyeupe za damu zilizoasi, na dawa inayoziua haichagui sana kati ya askari mwasi na askari mwema. Ukimnyima hiyo dawa, lukemia inammaliza ndani ya miezi. Ukimpa, unabaki na mtoto asiye na askari, na tetekuwanga iliyokuogesha wewe mwarobaini ikapita inamkuta yeye mlango wazi.

Dada yake alipakwa kalamaini kwa shangazi, siku ya tisa karudi shule. Damu moja, kirusi kimoja, chandarua kimoja. Mwingine ndiyo huyu yuko kwenye dripu.

---

Nesi Zamu ya Usiku

Mzee Jembe, kwa heshima zote. Kabla asikilovia haijaingia hospitalini, huko Marekani kwenye hospitali zenye kila kitu, watoto wa saratani waliopata tetekuwanga wakiwa kwenye matibabu walikuwa wanakufa, kama saba katika kila mia, na karibu theluthi moja iliwaingia kwenye viungo vya ndani. Hiyo ni miaka ya sabini. Haikuwa ugonjwa wa kuoga majani.

Na hata kwa watoto wazima, tabia ya kuwalaza pamoja ili "waimalize" tuiache. Wako wanaopata nimonia.

---

Mama Kulwa

Nimesoma nalia. Mimi niko Mwanza, wangu alitibiwa Bugando, kamaliza dawa, anaenda shule. Naomba niseme kuhusu surua maana wengi tunaogopa tetekuwanga kwa kuwa inaonekana.

Tulikuwa na jirani wa kitanda, mtoto wa miaka minne. Mdogo wake nyumbani alikuwa hajachanjwa surua. Bibi alikuwa anasema surua haitaki sindano, ukimchoma mtoto inageukia ndani. Mnalijua hilo neno, kwetu usukumani lipo na nadhani kila mahali. Yule mdogo akaugua, akatoka upele, akapona. Mgonjwa wetu hakutoka upele kabisa. Alianza mafua na macho mekundu, kisha kifua, oksijeni, oksijeni zaidi. Madaktari walisema kinga ndiyo inayotengeneza ule upele; asiye na kinga anaweza kuwa na surua isiyoandikwa popote mwilini. Alikaa siku kumi na moja. Mama yake alikuwa anamsugua miguu tu, kwa sababu ndiyo sehemu pekee isiyokuwa na mpira wala waya.

Sitasema zaidi hapo.

Tangu siku ile nikawa kama askari wa chanjo. Surua-rubela inachomwa miezi 9 na miezi 18, bure. Mtoto aliye kwenye kemo haruhusiwi kuchomwa kwa sababu ni chanjo ya kirusi hai. Kwa hiyo kinga yake ni mikono ya wenzake: kaka, dada, watoto wa mpangaji, mtoto wa dada wa kazi. Mimi nilipita nyumba sita za uani na kadi mkononi. Wengine walininunia. Mmoja aliniuliza saratani ya mwanangu inamhusu nini. Nikamwambia surua ikipita chumbani, hewa yake inabaki hadi saa mbili baada ya mgonjwa kuondoka. Kesho yake akaenda kliniki.

---

Pwani Kijana

Mama Kulwa 🙏🏾

Swali: wangu alichanjwa surua mara zote mbili kabla hajaugua lukemia. Hiyo kinga bado ipo?

---

Nesi Zamu ya Usiku

Inaweza kuwepo, inaweza kuwa imepungua, usiitegemee. Kemo hufuta sehemu ya kumbukumbu ya chanjo za zamani. Ndiyo maana baada ya kumaliza matibabu, kwa kawaida baada ya miezi mitatu hadi sita, watoto hurudiwa chanjo. Akikutana na mgonjwa wa surua leo, pigeni simu leo. Sindano ya kingamwili kwa surua inafaa ndani ya siku sita tu tangu akutane na mgonjwa.

---

Mbongo Leicester

Habari za nyumbani. Binti yangu alitibiwa huku Uingereza, miaka miwili na kidogo, sasa yuko salama. Niwape picha ya huku ili msidhani wenzenu hawaugui virusi. Wanaugua sana, tofauti ni kwamba vinapewa majina.

Kila akipata homa, kitu cha kwanza ni kijiti puani. Baada ya muda unaambiwa: rinovirusi. Au RSV. Au mafua ya influenza. Mara ya kwanza nilishangilia, nikasema ni mafua tu, twendeni nyumbani. Daktari akanicheka kwa upole. Kirusi kimepatikana, ndiyo, lakini neutrofili ziko chini ya 500, na hakuna anayeweza kuapa kuwa hakuna bakteria amejificha kwenye damu. Kwa hiyo antibayotiki ndani ya saa moja tangu tuingie mlangoni, na hazisimamishwi mpaka damu iliyooteshwa maabara ikae kama siku mbili bila kuota kitu. Kile kijiti hakikutuondolea antibayotiki hata mara moja. Kilichotusaidia ni kujua atengwe na nani.

Kisa kingine. Katikati ya meintenansi damu yake ikaanza kushuka. Hemoglobini chini, wiki tatu haipandi, anaongezewa inashuka tena. Mke wangu akaacha kula. Sote tulikuwa na neno moja kichwani, imerudi, na hakuna aliyelitamka. Wakamtoa uroto mfupani. Haikuwa lukemia. Ilikuwa kirusi kinaitwa parvo B19, ambacho kwa mtoto wa kawaida kinaleta mashavu mekundu kama amepigwa kofi, basi. Kwa mtoto asiye na kinga kinakaa kwenye uroto na kuzuia chembe nyekundu zisitengenezwe. Akapewa dripu za kingamwili, damu ikapanda. Siku ile nilikunywa chai ya maziwa vikombe vinne pale kantini, sijui kwa nini nakumbuka vikombe.

---

Pwani Kijana

Kaka wa Leicester, na hicho kipimo cha puani huku kipo?

---

Nesi Zamu ya Usiku

Si kila mahali, na hata kikiwepo si kila saa. Lakini angalia alichosema: hakikubadilisha saa ya kwanza. Antibayotiki, dripu, na kipimo cha damu. Hayo tunayo, mradi mtoto afike. Tunaowapoteza wengi wamefika siku ya tatu ya homa.

---

Mama wa Chanika

Naomba msinicheke. Kuna jamaa kaniambia saratani ya damu inaletwa na virusi na kwamba wanangu wengine wataambukizwa. Nimeshatenga vikombe na sahani za mgonjwa. Ni kweli?

---

Mzee wa Makaratasi

Dada wa Chanika, rudisha vikombe kabatini. Lukemia ya mtoto wako haiambukizi kwa kikombe, kwa kitanda, wala kwa kukumbatiwa. Unachotakiwa kuogopa ni kinyume chake: mafua ya wengine kwenda kwa mgonjwa.

Ila jamaa yako hakuokota jalalani. Iko saratani moja ya watoto, limfoma, inayohusiana na kirusi, na historia yake ni ya hapahapa kwetu. Denis Burkitt, daktari mpasuaji kutoka Ireland aliyekuwa hospitali ya Mulago, Kampala, alianza kuona watoto waliovimba mataya pande zote mbili, akaandika habari zao mwaka 1958. Baadaye yeye na wenzake wawili walizunguka kwa gari karibu maili elfu kumi, Afrika Mashariki hadi kusini, wakiuliza hospitali moja baada ya nyingine kama wanaujua uvimbe ule. Ramani yao ikaonyesha unafuata joto na mvua, sawasawa na malaria.

Mwaka 1961 Burkitt alitoa mhadhara London, na mtafiti mmoja aitwaye Anthony Epstein alikuwa ameketi pale. Akaomba atumiwe vipande vya uvimbe kwa ndege kutoka Kampala. Mwishoni mwa 1963 ndege moja ikazuiwa na ukungu isitue London, ikaenda Manchester. Kichupa kilipofika maji yake yalikuwa na ukungu pia, wakadhani kimeoza. Kumbe ni seli za uvimbe zilizobanduka njiani zinaelea, ziko hai. Walitaka seli zinazoota maabara, zikawaotea. Mwaka 1964 Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr wakatangaza kirusi walichokiona ndani yake. Ndicho EBV, kirusi cha Epstein-Barr, kwa majina yao.

Sasa kaa vizuri: EBV karibu kila mtu mzima anayesoma hapa anacho. Kinapita kwa mate, utotoni, na hakimfanyi kitu. Kuwa nacho si kuwa na saratani. Kinahitaji mambo mengine, malaria ya mara kwa mara ikiwemo, na mabadiliko ndani ya chembe yenyewe. Kwa hiyo hata kwa limfoma ya Burkitt, hakuna kumtenga mtoto kikombe.

(Mimi si daktari, nilikuwa mtunza kumbukumbu. Hayo ya Kampala nayasoma kwa mapenzi.)

---

Mama wa Chanika

Ahsante baba. Nimerudisha.

---

MamaKip

Habari kutoka Eldoret. Nimefuata hii thredi tangu jana. Kijana wetu alitibiwa hospitali ya Moi, na kitu kilinipa shida zaidi si virusi, ni watu.

Ukirudi nyumbani na mtoto amelazwa miezi miwili, boma lote linakuja. Kila mmoja anataka kumshika mkono. Shangazi ana kikohozi, anasema ni vumbi la barabara. Utamwambiaje asikaribie bila kuonekana umeringa? Bwanangu aliweka meza mlangoni, ndoo ya maji yenye mfereji, sabuni, na barakoa kwa sahani. Hakusema neno. Mgeni akifika anaona meza, ananawa. Mwenye kikohozi alipewa kiti nje na chai ya kwanza, kabla ya wengine wote. Hapo hakuna aliyekasirika, kwa sababu mtu aliyepewa chai ya kwanza hajadharauliwa.

Kanisani tulikaa mwaka bila kumpeleka. Matanga hatukumpeleka kabisa.

Jambo lingine mwulize daktari kabla: matone ya polio. Kampeni zikija nyumba kwa nyumba wanaweka matone kwa watoto wote. Ni chanjo hai, mgonjwa hapewi. Na hata mdogo wake akipewa, kirusi cha chanjo kinatoka kwa choo wiki kadhaa. Sisi tuliambiwa mdogo achomwe ile ya sindano badala yake. Wale vijana wa kampeni si wabaya, ukiwaeleza wanaelewa, lakini lazima uwe nyumbani uwaeleze. Mimi niliandika karatasi nikabandika mlangoni.

---

Jembe la Kale

Mimi ndiye yule wa mwarobaini. Nimesoma yote. Nina mjukuu wa jirani hapa Kilosa anatibiwa hiyo hiyo, huja kwangu kucheza na mbwa. Na mimi mwezi uliopita nilitoka malengelenge ubavuni upande mmoja, yakaniunguza kama moto, nikapaka mafuta ya nazi. Nesi, huo ndio mkanda wa jeshi?

---

Nesi Zamu ya Usiku

Shikamoo mzee. Unafanana nao kabisa. Yamekauka? Mtoto alikuja lini mara ya mwisho?

---

Jembe la Kale

Marahaba. Yamekauka wiki mbili sasa. Mtoto walikuwa Muhimbili mwezi wote ule, hajaja. Atakuja Ijumaa.

---

Nesi Zamu ya Usiku

Magamba yakishakauka yote hayaambukizi. Acheze na mbwa, anawe mikono. Na mzee, nenda hospitali wakuone pia, wakupime kisukari na mengine, mkanda wa jeshi wakati mwingine unakuja pale kinga ya mtu mwenyewe imelegea.

---

Pwani Kijana

Swali langu la mwisho, msinichoke. Wangu anaongezewa damu karibu kila mwezi. Homa ya ini na UKIMWI je?

---

Nesi Zamu ya Usiku

Damu inapimwa UKIMWI, homa ya ini B na C, na kaswende kabla ya kutolewa. Hatari haiwi sifuri ila inakuwa ndogo sana, na kukosa damu kwa mtoto wa lukemia ni hatari kubwa zaidi. Chanjo ya homa ya ini B imo ndani ya ile pentavalenti (chanjo tano kwenye sindano moja) ya wiki 6, 10 na 14, angalia kadi yake. Na wewe nenda ukachangie damu, wodi zetu zinakauka likizo za shule.

---

Baba Watatu

Wakuu, mrejesho. Dripu zilifika siku kumi. Vipele vyote vimekuwa magamba meusi, kichwani ndiyo vingi, yeye anavibandua, mama yake anamzaba vikofi vya mkono. Vimeng'enya vya ini vimeshuka. Neutrofili jana 1.1. Dokta amesema vidonge vya kemo tuvirudie wiki ijayo kwa nusu dozi, kisha apime tena.

Dada yake alikuja getini jana na gamba moja la mwisho mkononi analionyesha kama medali. Nilimpima kwa macho, nikauliza wodini, wakasema hakuna neno. Walikaa kwenye nyasi nje ya jengo, mita moja kati yao kwa amri ya mama, wakahesabiana makovu. Mdogo kashinda.

Daftari nimelifunika jalada jipya la nailoni. Zile herufi nyekundu zilikuwa zimeanza kufutika, nikazipitia upya kwa kalamu, na juu yake nimeongeza mstari wangu: TUMBO NA MGONGO.

Mama yake naye kaongeza chini kwa penseli: WACHEKE.